Mtoto Anacheza Namna Gani

Wapendwa wangu mnaoanza kazi ya kuzalisha, najua mlichokuwa mnataka. Mlipokuja kunitembelea mliniambia, "Mama Numbi, utuandikie kidogo juu ya kazi, namna mulikuwa munafanya zamani." Mlitaka habari za mikono: jinsi ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, jinsi ya kuzuia damu, jinsi ya kushona. Hayo mtafundishwa shuleni, na walimu wenu wanayajua vizuri. Mimi nitawaandikia juu ya maneno madogo.

Namaanisha maneno kama kidogo, kwa mbali, polepole, kimyakimya, chinichini. Maneno ambayo mtu anayadondosha mwishoni mwa sentensi kama maganda ya karanga, halafu anainuka anaenda zake. Katika miaka yangu yote ya maternite, wodi ya kuzalishia, hapa Kamina, maneno hayo ndiyo yaliyonisumbua kuliko damu.

Aliyenifundisha kuyasikia alikuwa Mama Ngoie. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili mwenye sauti ndogo sana, hata ukawaza kwamba ndani yake kuna mtu mwingine, mwembamba, ndiye anayesema. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani ni mvivu. Siku ya kilo, yaani siku ile akina mama wajawazito wanakuja kupimwa, sisi wengine tulikuwa tunakimbia na mizani na vitambaa, yeye anakaa kwenye kiti, anafunga kitenge chake upya, anauliza:

"Mutoto anacheza?"

"Anacheza, mama."

"Anacheza namna gani?"

Halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka unasikia mabehewa yakigongana kule stesheni. Mama aliye mbele yake anaangalia chini, anaangalia dari, na mwishoni anaanza kuongea, maana hakuna mtu anayeweza kuvumilia ukimya wa aina ile.

"Swali ya kwanza ni salamu," aliniambia. "Ukiuliza muntu habari, anakuambia muzuri, hata kama nyumba yake inaungua moto. Njo adabu yetu. Swali ya pili njo kazi."

Lakini msije mkadhani Mama Ngoie alikuwa hakosei. Siku moja alikuja mama kutoka upande wa Kinkondja, kule ziwani, ana kapu la samaki wakavu. Alikuwa ameleta samaki sokoni, mimba ikamkumbusha kwamba nayo ipo, akapita kwetu. Mama Ngoie akamuuliza vizuri kabisa.

"Inauma?"

"Inauma."

"Inauma namna gani?"

"Kidogo tu, mama."

Akaambiwa akae kwenye benchi, nyuma ya wengine. Akakaa na kapu lake magotini. Wakati huohuo akaingia mke wa mwenye duka mmoja wa mjini, anajinyonganyonga, anasema anakufa, anamwachia dada yake maagizo juu ya nani atalea watoto. Tukamkimbilia wote. Mama Ngoie akampima, akakuta mlango wa uzazi umefungwa kama kanisa siku ya Jumatatu. Mama Ngoie alipotoka, yule mama wa samaki akainua mkono taratibu, kama mwanafunzi.

"Mama, pardon. Mutoto iko hapa."

Na kweli alikuwepo. Alizaliwa palepale kwenye benchi, na wa kwanza kushangaa alikuwa yule mke wa mwenye duka. Aliacha kufa, akasogea kutazama, halafu akarudi kwake kwa miguu kwenda kupika sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Chumba kilinuka samaki mpaka mvua zilipoanza.

Mama Ngoie akanawa mikono, akanitazama. "Umeona? Niliuliza muzuri, nikasikia mubaya. Kidogo ya nani? Muntu mwenye kupiga kasia tangu asubuhi mpaka jua iko ku kichwa, kidogo yake haiko kidogo yetu." Tangu siku ile aliongeza swali la tatu: kidogo kama nini? Nami nawaachia ninyi hilo swali. Mwacheni mtu awapimie kwa kitu anachokijua, kama jembe, mtoto wa mgongoni, au ndoo ya maji.

Na wapo wasiosema hata neno, kwa sababu jambo limewajia polepole mno. Nakumbuka mama mmoja wa ukoo wa wakulima wa hapahapa, watu wa mihogo. Alikuja mimba yake ikiwa kubwa, uso wake unacheka, kila jibu ni muzuri. Nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa ndala za kiume.

"Hizi ndala ni za nani?"

"Za bwana yangu."

"Zako ziko wapi?"

"Zangu zilikuwa kidogo."

"Zilianza lini kuwa kidogo?"

Akafikiri. "Hata miye sijui, mama. Zilianza kukaza kidogo kidogo. Kwanza nilifungua mukanda. Kisha nilivaa za dada yangu mukubwa. Kisha za bwana."

Tulipompima presha hatukumruhusu kurudi nyumbani. Alijifungua salama, lakini hebu fikirini: mwili mzima ulikuwa unavimba, naye alibadilisha viatu mara mbili bila kujua kwamba kuna habari. Tangu wakati huo nikawa naangalia miguu kabla sijaangalia uso. Angalieni pia pete. Mama ambaye pete yake imehama kutoka kidoleni kwenda kwenye uzi wa shingoni, msimwache aondoke kabla hamjampima.

Sasa mnayo ile mashine ndogo inayotoa sauti ya moyo wa mtoto nje, kila mtu chumbani anausikia. Naipenda. Sisi tulianza na pembe ya mbao: unaweka upande mmoja tumboni, upande mwingine sikioni, unainama. Sitaki mrudi huko, mgongo wangu ni shahidi. Ila pembe ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeifikiria. Ukiinama hivyo, mama haoni uso wako, anaona utosi. Na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaambia macho yako, lakini utosi wako anauambia. Kwa hiyo ninyi wenye mashine, mkimaliza kusikiliza, geukeni kidogo. Kunjeni kitambaa. Jifanyeni mnatafuta kalamu. Neno litatoka.

Hivyo ndivyo lilivyotoka neno la Bolumbu, na habari yake ndiyo hasa niliyokaa kuwaandikia.

Haikuwa zamani sana; nilikuwa nakaribia kustaafu. Bolumbu alikuwa mke wa sajini mmoja wa kule Base, kambi ya jeshi, wote wawili watu wa Equateur, kule wanakosema Lingala. Alikuwa mrefu, mweusi sana, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, amekiokota kwenye foleni ya maji pamoja na wake wengine wa wanajeshi. Siku ile hakuja kwa ajili yake. Siku yake ya kilo ilikuwa bado. Alikuja kumsindikiza jirani yake, Mama Mbuyi.

Mama Mbuyi alitoka Kasai, naye alikuwa na maneno ya kutosha kwa watu wa Base nzima. Alikuwa anajua Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kifaransa cha kwenye ofisi, na zote alizitumia kwa pamoja. Nilimpima, nikamaliza, nikawa nakunja kitambaa. Bolumbu alikuwa amekaa pembeni, mkono juu ya tumbo lake. Nilimuuliza kwa mazoea tu, mgongo wangu ukiwa kwake:

"Na weye, mama, mutoto wako anacheza?"

Mama Mbuyi akajibu. "Huyu? Anacheza sana, mama. Huyu mutoto ni wa mupira. Mwezi ulipita alipiga teke, sahani ikaanguka."

"Anacheza namna gani?"

"Namna ya nguvu," akasema Mama Mbuyi.

Na nyuma ya sauti yake nikasikia nyingine, chini kabisa. Bolumbu alisema, "Malembe."

Malembe mnalijua, hata hapa Kamina tunalitumia. Ni polepole, ni taratibu, ni bila fujo. Ni neno zuri. Watu wanaagana nalo mtu anapopanda baiskeli. Ukilisikia haraka, unasema vema, mtoto ametulia, na unaita anayefuata.

Nikamwambia Mama Mbuyi nina njaa, tafadhali aninunulie bitumbula kwa yule mama anayekaanga maandazi getini. Akaenda akiwa bado anaongea. Nikakaa mbele ya Bolumbu.

"Malembe kama nini?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza kuliko mimi, karibu nishindwe. Kisha akasema, polepole, akitafuta maneno:

"Mama, zamani alikuwa anapiga kama mutu ya kugonga mulango. Jana na leo, ni kama mutu anapita nyuma ya kiti yako. Anasema pardon, anapita."

Nikamlaza, nikachukua mashine. Moyo ukasikika mara moja, pu-pu-pu, ukajaza chumba. Mama Mbuyi alirudi na bitumbula vyake, akausikia, akapiga makofi. Bolumbu naye akatabasamu. Na hapo, wapenzi wangu, ndipo penye hatari, maana kila mtu chumbani alitaka kufurahi, na mimi pia nilitaka. Mkono wangu ulishaanza kuinua mashine. Lakini yule mtu anayepita nyuma ya kiti hakunitoka. Nikaurudisha mkono, nikaendelea kusikiliza, bitumbula vikapoa.

Baada ya muda tumbo lilikaza kidogo, kama yanavyokaza matumbo ya mwezi wa mwisho. Moyo ukashuka mwendo. Haukushuka ghafla. Ulishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kisha ukarudi juu kwa uvivu. Nikangoja tumbo likaze tena. Ukashuka tena.

Nilimkuta Dokta Ilunga anakula. Alikuwa kijana kutoka Lubumbashi, mwembamba, na chakula chake cha mchana alikuwa anakila kwa haraka kila siku kwa sababu hajui nani atamwita. Nikamwambia habari ya moyo. Akasikiliza huku tonge la bukari, ugali wetu, likiwa mkononi. Halafu nikasita, kwa sababu sikujua kama yale mengine ni maneno ya kumwambia daktari. Nikayasema tu: kwamba mtoto alikuwa anagonga mlango, na sasa anapita nyuma ya kiti, anaomba pardon.

Akaacha kutafuna. "Nani anasema hivyo? Weye ao yeye?"

"Yeye mwenyewe."

Akanawa mikono. "Twende."

Alisikiliza mwenyewe, kwa muda mrefu kuliko mimi. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda, jambo ambalo madaktari wengi hawapati nafasi ya kulifanya, akaanza kueleza kwamba anataka kumpasua leo, sasa hivi. Bolumbu alishika upindo wa kitenge chake. Akasema kwa Lingala neno moja, te, hapana.

Hapo ndipo Mama Mbuyi alipotuambia tusichokijua. Bolumbu alikuwa amepoteza watoto wawili kabla ya huyu, mbali, kwenye miji mingine ambako mume wake alikuwa amepelekwa. Mmoja alikufa tumboni, mwingine saa alipozaliwa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote hapa Kamina isipokuwa jirani yake.

"Na bwana yake iko wapi?" Dokta akauliza.

"Iko Base, kazini. Simu yake haipiti."

Tukamtuma mtu wa pikipiki. Lakini njia ya Base mnaijua, na Dokta alikuwa anaangalia mashine, haangalii njia.

"Mama Mbuyi," akasema, "umuambie hivi. Nafikiri mutoto anachoka. Nafikiri kama tukimutoa sasa, labda tutamupata muzima."

Mama Mbuyi alimshika Bolumbu mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema neno baada ya neno, haongezi, hapunguzi. Bolumbu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu, na Mama Mbuyi akamgeukia Dokta.

"Anauliza, umesema labda, ao umesema hakika?"

Nilimtazama Dokta. Mtu mwingine angesema hakika, ili mama apate nguvu, na mimi nisingemlaumu. Yeye aliinamisha kichwa kidogo.

"Nilisema labda."

Mama Mbuyi akatafsiri. Bolumbu akafumba macho. Aliposema, alisema kwa kirefu, na jirani yake alifuta pua kabla ya kutugeuzia maneno:

"Anasema, kwa batoto babili ba kwanza, balimuambia hakika. Hakika iko muzuri, rudi ku nyumba. Huyu dokta njo wa kwanza kumuambia labda. Anasema, basi, atamufuata."

Jenereta ikawashwa. Sitawachosha na mambo ya chumba cha upasuaji. Nitawaambia tulichokiona. Kamba ya kitovu ilikuwa imejifunga fundo, fundo halisi, kama la kamba ya mbuzi. Pengine mtoto alilifunga mwenyewe zamani, alipokuwa bado mdogo na ana nafasi ya kupinduka. Likakaa pale muda wote huo, limelegea, halimdhuru mtu. Kisha, jinsi alivyokuwa anakua na kuvuta, likaanza kukaza. Kidogo kidogo. Hakuna saa ambayo ungeweza kusema, sasa limekaza.

Alikuwa wa kiume, na rangi yake haikunipendeza. Hakulia. Nilimfuta, nikamsugua mgongo, nikamsafisha mdomo, nikampa hewa, nikamsugua tena. Dokta alikuwa anashona. Na ndipo mtoto akatoa sauti. Msidhani ni ile sauti ya kuamsha mtaa. Ilikuwa kwa mbali sana, kama mlango wa nyumba ya tatu kutoka kwako unaofunguliwa. Lakini ulikuwa mlango, na ulifunguliwa. Akatoa nyingine. Ya tatu ilikuwa ya hasira, na hapo nikajua amefika.

Nikauliza nguo za mtoto ziko wapi. Hakukuwa na nguo, maana mama alikuja kusindikiza tu. Nikamtuma Mama Mbuyi apeleke mtu nyumbani kwa Bolumbu akazichukue. Akatikisa kichwa.

"Hata nyumbani haziko, mama. Hakununua kitu. Mara ya kwanza alinunua kila kitu, mara ya pili alinunua nusu. Safari hii alikatala."

Akafungua kitenge cha juu alichojifunga kiunoni, kizuri, cha kutokea, akanipa. Tukamfunga mtoto ndani yake.

Sajini alifika jua likiwa bado juu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa paredi, sauti yake ilikuwa imezoea kufika upande wa pili wa uwanja. Kutoka getini alikuwa anauliza mke wake yuko wapi, na wagonjwa wote walimsikia. Nikamtokea na kile kifurushi cha kitenge.

"Malembe, papa," nikamwambia. "Analala."

Yule mtu akakata sauti kama anayezima redio. Akavua kofia yake ya jeshi. Alitaka kusema kitu, nikaona midomo inatembea, lakini hakuwa na sauti ndogo. Sidhani kama alishawahi kuihitaji. Akaishia kunyoosha mikono yote miwili, nikamwekea mtoto humo. Akakaa naye kwenye benchi ya akina mama mpaka mkewe alipoamka, na kila aliyepita alimpa heshima yake.

Bolumbu alikaa kwetu mpaka kidonda kikatulia. Siku zote hizo hakuuliza kitu. Alinyonyesha, alimtazama mtoto, alijibu salamu. Asubuhi ya kuondoka, nikiwa namwonyesha jinsi ya kufunika kitovu, akasema, tena kwa ile sauti yake ya chini:

"Mama, kofia ya batoto banauzisha wapi?"

Nikamwambia ni sokoni, upande wa nguo. Kisha nikaona ni vibaya kumwacha aende na maelezo tu, nikavua koti la kazi, nikaenda nao. Sajini alimbeba mtoto, akatembea katikati ya baiskeli za samaki kwa hatua fupi, kama mtu aliyebeba bakuli la supu. Mama Mbuyi alitangulia mbele, anawaambia watu wapishe.

Bolumbu alizishika kofia zote za yule mwuzaji, moja moja. Akarudi kwenye ya manjano, ya kusuka kwa uzi. Nikaipima kwa macho.

"Hii ni kubwa kwake, mama."

"Naye atakuwa mukubwa," akasema.

Akamvalisha palepale. Ikamfunika mpaka puani. Baba yake akaisukuma juu kwa kidole kimoja, na tukaanza kurudi.